Hija ya Wakusanyaji: Vijisanamu, Msiba na Kikanisa cha Carthage

Katika hija nyingi za Kikristo, mahali patakatifu hutangulia: kaburi la mfia dini, chemchemi, pango. Watu huenda, na wanaporudi hubeba kitu kidogo cha kushuhudia kwamba walifika. Waliokwenda Canterbury baada ya Thomas Becket kuuawa mwaka 1170 walirudi na beji za risasi na bati. Wa Santiago walirudi na kombe la baharini. Wa Lourdes hurudi na maji ya chemchemi iliyogunduliwa mwaka 1858. Huko Carthage, mji mdogo wa kusini-magharibi mwa jimbo la Missouri nchini Marekani, mpangilio huu uligeuka. Vitu vidogo vilitangulia. Vijisanamu vya kauri viitwavyo Precious Moments vilikuwa vimekaa katika makabati ya vioo ya sebule za Wamarekani kwa miaka kumi hivi kabla ya Samuel J. Butcher, mchoraji aliyevibuni, kufungua kikanisa chake mwaka 1989. Ndipo waliokuwa navyo nyumbani wakaanza kufunga safari.

Makala haya yanatetea hoja moja: kwamba kikanisa hicho kiliwapa wakusanyaji kile ambacho vijisanamu viliahidi lakini visingeweza kukitoa vyenyewe, yaani mahali pa kuomboleza pamoja na wengine. Mhakiki anayekipima kwa kipimo cha jumba la sanaa peke yake huona rangi laini na nyuso tamu, akaondoka bila kuiona kazi inayofanyika mle ndani.

Kutoka kadi hadi kabati

Butcher alizaliwa Jackson, Michigan, tarehe 1 Januari 1939. Kabla hajajulikana alikuwa mchoraji wa Child Evangelism Fellowship, shirika linalowahubiria watoto Injili, na kazi hiyo ilimzoeza kuisimulia Biblia kwa picha ambazo mtoto huzielewa bila mfafanuzi. Katikati ya miaka ya 1970, akishirikiana na rafiki yake Bill Biel, alianza kutoa kadi za salamu zenye watoto wa vichwa vikubwa na macho yenye umbo la tone la chozi. Eugene Freedman, mkuu wa kampuni ya Enesco, alivutiwa na michoro hiyo na kuifikisha kwa mchongaji Mjapani Yasuhei Fujioka ili igeuzwe kuwa sanamu. Ya kwanza, Love One Another, inaonyesha mvulana na msichana walioketi juu ya kisiki. Mwaka 1978 mkusanyo wa mwanzo ulitimia vijisanamu 21.

Baada ya hapo ukusanyaji ulipata taratibu zake. Chama cha wakusanyaji kiliundwa mwaka 1981, na mwaka huohuo kila kijisanamu kikaanza kutiwa chini yake alama ya mwaka kilipotengenezwa: pembetatu kwanza, kisha saa ya mchanga mwaka 1982, samaki 1983, msalaba 1984, njiwa 1985. Aina iliyostaafishwa ilivunjiwa kalibu, isitengenezwe tena. Vitabu vya bei vilichapishwa, na mkusanyaji mzoefu alikipindua kijisanamu kusoma alama kabla hajakitazama usoni.

Hata hivyo, bei haielezi kwa nini mtu hukikaribisha kitu nyumbani mwake na kukihifadhi hadi uzeeni. Walter Benjamin, katika insha yake ya mwaka 1931 kuhusu kufungua makasha ya maktaba yake, alionyesha kwamba kwa mkusanyaji wa kweli kila kitu hubeba historia ya jinsi kilivyopatikana, na kwamba ukusanyaji ni namna ya kukumbuka. Precious Moments zilifaa mno kwa kazi hiyo. Zilitolewa zawadi katika ubatizo, arusi, kuzaliwa kwa mtoto na kufariki kwa mpendwa. Nyuso zake hufanana karibu zote, na kufanana huko ndiko kulikozipa nguvu: mama aliyefiwa angeweza kumwona mwanawe katika uso ambao haukuwa wa mtoto yeyote mahususi. Chozi lilikuwa tayari limeshaumbwa machoni, likingoja mwenye msiba alipe sababu.

Lakini hapo ndipo mpaka wa kijisanamu ulipo. Uso unaoweza kuwa wa mtoto yeyote haumtaji mtoto fulani. Kabati la sebuleni huhifadhi huzuni ya nyumba moja; jirani akiingia huona mapambo, asijue lipi kati yake ni kumbukumbu ya marehemu. Mkusanyaji aliyefiwa alikuwa na alama ya msiba wake, lakini hakuwa na matanga.

Ukuta wenye majina

Wazo la kujenga kikanisa lilimjia Butcher baada ya kukiona Kikanisa cha Sistina, Vatikano, ambacho dari yake ilichorwa na Michelangelo kati ya 1508 na 1512. Mfano huo ungeweza kumpeleka kwenye majivuno ya ukubwa. Yeye alichukua kitu kimoja tu kutoka kwake: kwamba kuta na dari zinaweza kulibeba simulizi zima la wokovu. Alichora habari za Agano la Kale na za Agano Jipya, na wahusika wake akawapa nyuso zilezile za watoto wenye macho ya tone la chozi. Mkusanyaji aingiapo kwa mara ya kwanza humkuta kila mtu akiwa tayari anamfahamu.

Kisha hufika mbele, penye mchoro mkubwa uitwao Hallelujah Square, unaoonyesha watoto wakipokewa mbinguni. Hapa mantiki ya vijisanamu inavunjika. Miongoni mwa watoto wale wamo waliochorwa kwa kumbukumbu ya watu halisi waliofariki, na waongozaji husimulia wageni habari zao. Mtindo ni uleule uliotumika katika maelfu ya nakala, ila safari hii uso una mwenyewe. Mtu aliyezoea kuuona uso wa jumla na kuujaza kwa huzuni yake anaelezwa kwamba huyu alikuwa mtoto wa fulani, akafa. Anatambua kwamba alichokuwa akikifanya peke yake mbele ya kabati, wengine nao walikuwa wakikifanya.

Mwaka 1990, mwaka mmoja tu baada ya kikanisa kufunguliwa, Butcher alifiwa na mwanawe Philip kwa ajali ya gari. Akamtengea chumba ndani ya kikanisa na kuchora humo picha ya kumbukumbu yake. Wahenga walisema kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia, na chumba cha Philip kinaifuata kanuni hiyo ya msiba neno kwa neno. Msanii hakuwa tena mtu anayewauzia wengine faraja. Alikuwa mfiwa aliyeanzisha kilio mbele ya umma. Waliotoka mbali wakapata ruhusa ya kuingia na vilio vyao.

Benjamin huyohuyo, katika insha yake ya mwaka 1936 kuhusu sanaa katika zama za kunakiliwa kwa mashine, alidai kwamba kunakili huifukuza haiba ya upekee inayoizunguka kazi asilia. Carthage inatulazimisha kuongeza jambo kwenye dai hilo. Hapa nakala zilitangulia na kuenea, na ni uenezi huo uliomwandaa mtazamaji kuikabili kazi ya pekee. Ukuta ulipata uzito wake kutokana na makabati maelfu yaliyoutangulia. Unakili haukuifukuza haiba. Uliitengenezea watu wa kuipokea.

Pingamizi la wahakiki

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa wanaozipinga sanaa tamu kwa jumla. Clement Greenberg, mwaka 1939, alizishutumu kazi za aina hiyo kwa kumpa mtazamaji hisia zilizokwisha kutafunwa, zisizomdai chochote. Milan Kundera, katika riwaya yake ya mwaka 1984 kuhusu wepesi usiovumilika wa maisha, alikwenda mbali zaidi: utamu huo, alieleza, huficha kila kisichopendeza katika maisha ya binadamu na hatimaye huwa pazia mbele ya mauti. Na yeyote anayefika Carthage huona pia kwamba duka la zawadi liko katika eneo lilelile la kikanisa.

Pingamizi hilo lina haki yake. Mkutano wa ibada na biashara unahitaji kuangaliwa kwa jicho kali, na historia ya Kanisa yenyewe imejaa mabishano juu yake. Lakini watafiti wa dini wametuonyesha njia bora ya kuliangalia. Colleen McDannell, katika kitabu chake cha mwaka 1995 kuhusu vitu vya ibada vya Wakristo wa Marekani, na David Morgan, mwaka 1998, katika utafiti uliogusa picha ya Kristo iliyochorwa na Warner Sallman mwaka 1940, wanauliza waumini hufanya nini na picha kabla ya kuuliza picha ina ubora gani. Tukilifuata swali hilo, hoja ya Kundera inapungua nguvu mbele ya Hallelujah Square. Pazia huficha maiti. Mchoro huu unawataja wafu. Huwezi kuusoma bila kukubali kwanza kwamba watoto wamekufa.

Bado kuna jambo ambalo kikanisa hakilisemi. Zaburi nyingi za maombolezo humlalamikia Mungu waziwazi, na Ayubu alidai majibu. Katika michoro ya Butcher malango yamefunguliwa tayari na kila mtoto anapokewa. Mzazi ambaye bado ana hasira hakuti pale mahali pa kuiweka hasira yake. Huo ni upungufu wa kweli, wa kiteolojia kuliko wa kisanaa, na anayekitetea kikanisa hana budi kuukubali.

Soko lilipoanguka

Historia yenyewe ilileta jaribio la hoja hii. Baada ya eBay, soko la mtandaoni, kuanzishwa mwaka 1995, vijisanamu vilivyodhaniwa kuwa adimu vilionekana kuwa vingi mno, na bei zikashuka. Leseni ya Enesco ya kuvitengeneza ikakoma mwaka 2005. Baadhi ya vivutio vilivyojengwa kandokando ya kikanisa vilifungwa. Butcher mwenyewe alifariki tarehe 20 Mei 2024, akiwa na umri wa miaka 85. Iwapo kikanisa kingekuwa tawi tu la soko, kingenyauka pamoja nalo. Kimebaki wazi, bila kiingilio, na watu wanaendelea kukizuru ingawa mikusanyo yao haina tena thamani ya fedha waliyoitarajia.

Mji huohuo, wenye wakazi wapatao 15,000, una hija nyingine. Tangu 1978, mwaka uleule wa vijisanamu 21 vya mwanzo, Wakatoliki wenye asili ya Vietnam hukutana Carthage kila Agosti katika Siku za Maria, na hufika kwa makumi ya maelfu. Wengi wao ni wakimbizi na watoto wa wakimbizi walioipoteza nchi. Hija hizi mbili hazina uhusiano wa chanzo, lakini zikiwekwa pamoja zinafundisha jambo moja: utakatifu wa mahali haukudai muujiza wala kaburi la kale. Ulitosha upotevu unaoshirikiwa na watu waliotawanyika, na mahali wanapoweza kuutamka pamoja.

Basi uhakiki wa sanaa ya ibada unapaswa kuongeza kipimo kimoja. Pamoja na kuuliza kazi imetengenezwa kwa ustadi gani na inauzwa kwa njia gani, tuulize inamwezesha mfiwa kufanya nini ambacho hakuweza kukifanya peke yake. Kwa kipimo hicho kikanisa cha Carthage kinastahili heshima ya kitaaluma: kiliwachukua watu waliounganishwa na ununuzi tu, kikawafanya waombolezaji wenza. Zipo kazi zilizosifiwa zaidi katika vitabu vya historia ya sanaa ambazo hazijawahi kumfanyia mfiwa hata mmoja jambo hilo.