Mkono Unaosikia

Zoezi la kwanza nililopewa katika darasa la osteopathia, tiba ya kutumia mikono, nilipokwenda kusoma Uingereza, lilikuwa la unywele mmoja. Mwalimu aliung'oa kichwani mwake, akaulaza mezani, akaufunika kwa ukurasa wa kitabu cha simu. Nikaambiwa nifumbe macho niutafute kwa ncha za vidole. Nilipoupata akaongeza ukurasa wa pili, wa tatu, wa nne. Kwenye wa sita nikaupoteza.

Nilikuwa nimefanya kazi ya fiziotherapia Tanga kwa miaka 12, na niliona haya. Nikabonyeza kwa nguvu, unywele ukazidi kutoweka. Mwalimu akaninyanyua kiganja polepole mpaka kikabaki kinagusa tu, na mstari mwembamba ukarudi chini ya kidole cha shahada. Kidole kinachobonyeza hufukuza damu kwenye ncha yake, kikaingia ganzi. Kinachotulia ndicho kinachopata habari.

Jambo hilo bibi yangu mzaa mama alilijua bila darasa. Alikuwa akikanda wazazi Pangani. Alipasha mikono juu ya mkaa, akapaka mafuta ya nazi, kisha akaiweka tumboni mwa mama bila kuisogeza. Mimi mtoto nikauliza mbona hakandi. Akanijibu, “Nyamaza mjukuu wangu, nasikia.” Baada ya kitambo akamwuliza yule mama, “Ni hapa?” na akangoja jibu kabla ya kuanza. Kiswahili chetu kinampa haki. Tunasikia sauti, tunasikia baridi, tunasikia njaa na maumivu. Kitenzi kimoja kinatosha sikio na ngozi.

Historia ya namna hii ya kusikia, katika fani niliyokwenda kuisomea, inaanzia Marekani kwa Andrew Taylor Still. Alizaliwa Virginia mwaka 1828, mtoto wa mhubiri wa Kimethodisti aliyekuwa pia akitibu watu, naye akawa tabibu Kansas. Mwanzoni mwa 1864 homa ya uti wa mgongo iliwachukua watoto watatu wa nyumba yake katika muda wa wiki chache. Tiba za zama zile zilikuwa dawa za zebaki, afyuni na kutoa damu, na hakuna iliyomfaa. Baba aliyezika hivyo hakuweza kurudi kwenye mkoba wake wa dawa kwa imani ileile. Akageukia mwili wenyewe, mfupa mmoja baada ya mwingine, akitafuta ni wapi umbo limekwenda kombo hata damu isipite vizuri.

Mifupa hiyo ilitoka wapi? Still mwenyewe alieleza katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka 1897, kwamba alifukua makaburi ya wenyeji wa asili wa Marekani akawapasua ili ajifunze. Sitaki kulipita jambo hili haraka. Watu wale hawakuombwa ruhusa, wala jamaa zao. Kila mwanafunzi anayejivunia vidole vyenye maarifa ajue kwamba sehemu ya maarifa hayo ilichukuliwa kwa wafu wa watu waliokuwa wakinyang'anywa pia ardhi yao.

Tarehe 22 Juni 1874 ndiyo Still aliyoihesabu kuwa siku ya kuzaliwa kwa fani yake. Mwaka 1892 alifungua shule katika mji mdogo wa Kirksville, Missouri, na wanawake walikuwamo tangu darasa la kwanza. Anatomia ilifundishwa na William Smith, tabibu aliyesomea Edinburgh. Agizo la Still lilikuwa wazi: mwanafunzi aujue kwanza mwili ulio mzima, aubebe akilini, ndipo mkono wake uweze kutambua uliopinda.

Mwaka 1898 akaja shuleni hapo mwandishi wa magazeti, William Garner Sutherland. Siku moja alisimama mbele ya fuvu lililotenganishwa mfupa kwa mfupa. Akaona kingo za mfupa wa panja zimechongwa mshazari, zikilalia mfupa wa jirani, na wazo likamjia kwamba zinafanana na matamvua ya samaki. Kama matamvua yapo kwa ajili ya kupumua, je, na fuvu nalo husogea?

Vitabu vilisema mifupa ya fuvu la mtu mzima imeshikamana. Sutherland alitaka kuthibitisha kwamba haisogei, ili wazo lile limwache. Akajitengenezea vifaa vya kubana kichwa, kofia na mikanda ya ngozi, akavivaa yeye mwenyewe. Akabana upande huu, akalegeza ule, na mkewe Adah akaangalia jinsi hali na tabia yake zilivyobadilika. Mwisho aliamini kwamba fuvu lina mwendo mdogo wa kujaa na kupwa, unaoambatana na ugiligili wa ubongo na uti wa mgongo. Kitabu chake kilitoka 1939, na kabla ya kufariki mwaka 1954 alikuwa amefundisha kundi la wafuasi. Walioandika baada yake walitaja mdundo wa mara 10 hadi 14 kwa dakika.

Mdundo huo ndio niliofundishwa kuusikia. Nilikaa kichwani pa mwenzangu aliyelala chali, viganja vimekumbatia fuvu lake, viwiko vimeegemea kitanda. Dakika tano za kwanza sikupata kitu zaidi ya nywele na joto. Kisha kitu kikaja, kupanuka kidogo na kurudi, na moyo wangu ukajaa. Mwanafunzi mwingine alikuwa ameshika nyayo za mtu yuleyule. Mwalimu akatuamuru tuhesabu kimya na kuandika. Mimi niliandika 11. Mwenzangu wa miguuni aliandika 7.

Baadaye niligundua kwamba hayakutupata sisi tu. Mwaka 1994 ilichapishwa Marekani taarifa ya wafiziotherapia watatu waliowapima watu walewale 12, na hesabu zao hazikulingana. Mwaka 2001 ilitoka nyingine, ya wapimaji wawili, mmoja kichwani na mmoja kwenye mfupa wa kiuno, kwa wakati mmoja. Nao walihitilafiana.

Lakini kidole si kiziwi. Mwaka 2013 watafiti wa Stockholm walionyesha kwamba ncha ya kidole inayopita juu ya uso wa kitu inaweza kutambua mikunjo ya kimo cha nanomita 13, mamia ya mara chini ya upana wa chembe ya damu. Uwezo upo. Tatizo ni kwamba chini ya kiganja kilichotulia kuna pumzi ya mgonjwa, mapigo yake, misuli inayokaza na kulegea, na mapigo ya vidole vyako mwenyewe. Yote hayo yanafika pamoja, na akili iliyokwishaambiwa itafute nini huyapanga iyapate. Wahenga walisema kusikia si kuona, nami sasa najua kwamba walikuwa wakiuonya hata mkono.

Kwa hiyo nimeichukua nidhamu ya Kirksville na nimeuacha mdundo wa fuvu. Sasa ninafundisha Tanga, na wanafunzi wangu wanaanza na unywele chini ya karatasi za daftari. Kisha wanashika mkono wa mwenzao, wanapita kwa zamu ngozi, nyama na mfupa, wakitafuta mahali panapokataa kusogea. Kila mmoja anaweka alama kwenye mchoro wake kabla ya kufungua kinywa. Wiki za kwanza alama hutawanyika. Kufikia mwisho wa muhula, mbele ya mvuvi mwenye bega bovu, mara nyingi huangukia karibu karibu.

Hapo bado hatujamaliza. Ninamgeukia mvuvi, ninaweka kidole penye alama, ninamwuliza kama bibi alivyouliza, “Ni hapa?” Wanafunzi wanajua kwamba lazima tungoje jibu. Utotoni nilidhani bibi anauliza kwa adabu tu. Kumbe alikuwa akiukagua mkono wake.