Ua wa Nyumbani na Barabara ya Warumi

Mwaka jana baba alitumia akiba yake kutandaza matofali ya zege, yale tuyaitayo kabro, mbele ya nyumba yetu Jinja. Mvua za kwanza tu yakadidimia. Nyanya akajikwaa, akateguka mguu. Mimi nililaumu matofali.

Historia ya ujenzi imenionyesha kwamba nilikosea. Barabara ya Appia, iliyoanzwa mwaka 312 KK, imedumu kwa sababu ya kilichofichwa chini ya mawe yake: tabaka za mawe na kokoto zilizoshindiliwa. Matofali ya zege yenyewe yalienea Uholanzi baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, wakati matofali ya kuchoma yalipokuwa adimu na miji kama Rotterdam, iliyopigwa mabomu mwaka 1940, ikijengwa upya. Yalilazwa juu ya mchanga, wala si saruji, hivyo huweza kung'olewa na kupangwa tena.

Likizo hii tuliyang'oa yote. Chini hapakuwa na kokoto hata moja! Tukachimba, tukashindilia moramu, tukamwaga mchanga, tukaacha mteremko wa maji. Nyanya bado hupitia mlango wa nyuma.