Usikubali Ekseli ya Ndai Yako Ipindwe Gereji: Venye Chuma za Kuongeza Nguvu Hufaa Kuchomelewa

Wasee wa kupeleka ndai porini, hii ni yenu. Umenunua Land Cruiser mzee ama Suzuki ya zamani, umeinua springi, umeweka matairi makubwa, na sasa mtu amekushow ekseli ya kiwanda haitatosha, ongeza bamba za chuma juu. Hajakudanganya. Tairi kubwa ni nzito na huivuta ekseli kwa nguvu zaidi, na ndai ikiruka jiwe halafu itue kwa gurudumu moja, uzito wote unakuja kutafuta pahali pa kukunja. Shida ni kwamba fundi mwenye haraka anaweza kuipinda palepale gereji, kabla haijaona hata kokoto.

Na manze hutajua siku hiyo. Ndai itatoka ikiwaka rangi mpya, utapiga picha, utapost. Baada ya wiki kadhaa, oili ya difu inaanza kuvuja kwa gurudumu. Unabadilisha sili, inavuja tena. Tairi zinalika upande wa ndani. Beringi inaanza kulia. Kuna wasee hubadilisha sili mara nne wakilaumu duka la spea, na kumbe bomba lenyewe limejikunja milimita kadhaa na shafti inazunguka ikiwa imeegemea upande mmoja. Shafti ya aina hiyo ikikatika ukiwa kwa mteremko, story ya doh inaisha, inaanza ya maisha.

Sababu ni fizikia ya shule. Chuma kikipata moto kinapanuka: mita moja ya chuma cha kawaida ikiongezewa joto la digrii 100 hurefuka kama milimita 1.2. Pale unapochomelea kunafika karibu digrii 1,500, kwa sababu chuma lazima kiyeyuke. Hicho kipande kidogo kinataka kupanuka, lakini chuma baridi kando yake kinakibana, basi kinajifinya na kunenepa badala ya kurefuka. Kikipoa kinanywea, na sasa ni kifupi kuliko venye kilianza. Kinavuta kila kitu kuelekea kwake. Ukichomelea bamba juu ya ekseli, upande wa juu unafupika, ncha mbili zinainuka, na ekseli inacheka kama ndizi. Magurudumu yanaegemea ndani kwa juu. Ukichomelea upande wa mbele pekee, ncha zinavutwa mbele, na ndai inaanza kutembea kama mlevi.

Kwa hivyo kupindika kunakuja wakati wa kupoa. Fundi anayekwambia "imenyooka" kama chuma bado ni moto anakuimbia tu.

Kabla ya yote, jiulize kama unahitaji. Kama ndai yako hupanda Ngong Hills mara mbili kwa mwaka na siku zingine iko kwa foleni ya Mombasa Road, acha ekseli ikae. Chuma ya ziada ni uzito chini ya springi, na ndai itakuruka kwa kila tuta. Hii ni kazi ya wale wanaopanda mawe kwa ukweli, mbogi kama ya Rhino Charge, ile shindano ilianza 1989 kuchangia uzio wa Aberdare. Huko mshindi ni mwenye amepita vituo vyote kwa umbali mfupi zaidi, ndio maana wasee hukata moja kwa moja juu ya mawe badala ya kuzunguka. Ekseli hizo hupigwa kisawasawa.

Sasa, kama bado unataka, toa ekseli chini ya ndai. Usikubali kuchomelewa ikiwa bado imefungwa. Mwaga oili, toa kichwa cha difu, shafti, sili, beringi na paipu za breki. Mvuke wa oili uliofungiwa ndani ya bomba na moto wa mashine si marafiki. Halafu safisha na grainda hadi chuma iangaze, pande zote mbili za pale kutachomelewa. Ukitumia dawa ya kusafisha breki, soma mkebe kwanza: zile ziko na klorini zikikutana na moto wa kuchomelea hutoa fosjini, gesi ya sumu ambayo ilitumika vitani. Sabuni, maji na brashi ya waya zinatosha.

Hatua inayofuata wengi huruka, na ndiyo muhimu. Pima. Vuta uzi wa fundi wa mjengo kutoka ncha moja ya ekseli hadi nyingine, ukaze sana, upande wa chini na upande wa nyuma. Weka alama tano kwa bomba, pima nafasi kati ya uzi na chuma kwa kila alama, na uandike pahali haitafutika. Bila namba za kabla, hata ekseli ikipindika hutakuwa na la kubishana. Mafundi wenye vifaa hupitisha fito nene iliyonyooshwa kwa lethi ndani ya ekseli, ikishikwa na visahani vilivyokatwa vikatoshea pale beringi hukaa. Fito inazunguka kwa mkono kazi ikiendelea. Ikianza kukwama, wanajua chuma imeanza kuvuta na wanasimama.

Ekseli ifungwe kwa kitu kigumu kuiliko: boriti nene ya chuma ama kipande cha reli, kwa klampu nzito pande zote na katikati. Bamba zikatwe kwa kufuata kielelezo cha katoni hadi zikae bila nafasi. Fundi akiacha pengo, atalijaza na rodi, na kila rodi ya ziada ni chuma zaidi ya kunywea. Hesabu yake ni kali: mshono wa milimita 10 uko na chuma mara nne ya ule wa milimita 5, si mara mbili. Mshono mnene unapendeza macho lakini ndio unakunja.

Kuchomelea kwenyewe ni mchezo wa kuruka. Kwanza vidoti vidogo kila pahali kushikilia bamba. Halafu vipande vya sentimita tatu hivi: kimoja katikati upande wa mbele, kingine mwisho wa kulia upande wa nyuma, kingine mwisho wa kushoto, unarudi. Joto lisikae pahali pamoja. Ukiweza kuweka kiganja kwa chuma na kukiacha hapo, endelea. Ukikitoa mbio, ngoja. Usimwage maji kuharakisha, chuma kinaweza kuwa kigumu na kupasuka. Kazi ya aina hii hula siku nzima, na hapo ndipo watu hukosana bei. Lipia siku, buda. Msee akikuambia saa moja, ataburuta mshono mmoja kutoka mwisho hadi mwisho na imeumana.

Tahadhari na sehemu za chuma cha kumimina, ile mafundi huita kasti. Ekseli za Toyota na Suzuki za aina hii huwa na mwili wa bamba za chuma cha kawaida, hizo zinachomeleka poa. Lakini ekseli zingine, kama ile ya Salisbury ya nyuma ya Land Rover, ziko na kichwa cha kumimina katikati na mabomba yameingizwa kwa nguvu kando. Hapo rodi ya kawaida ikiguswa tu kwa chuma baridi, ufa unaweza kuja ikipoa. Inataka kupashwa moto kwanza, rodi za nikeli, na fundi amefanya hiyo kazi awali.

Ikimalizika, iachwe kwa klampu hadi ipoe kabisa, usiku mzima kama inawezekana. Ndio ufungue, uvute uzi tena, ulinganishe. Ikiwa ncha zimeinuka kidogo, bado kuna dawa: fundi anachomelea mshono mfupi chini, upande uliobaki mrefu, nao ukipoa unavuta ekseli irudi. Kidogo kidogo, akipima kila mara. Kuipiga na jeki bila kupima ni kubahatisha.

Paka rangi nyepesi, si nyeusi, ndio nyufa zionekane mapema. Baada ya safari mbili tatu ingia chini na tochi, angalia miisho ya kila mshono, halafu pitisha mkono ndani ya tairi uone kama zinalika sawa.