MAMA SVEA NA MSTARI WA TIMOTEO



Tukisoma 1 Timoteo 2:12, wengi wetu tunafunga mjadala: mwanamke asifundishe. Tukumbuke basi tulikotoka.

Mwaka 1921 wamisionari Wapentekoste wa Uswidi walifika Kongo ya mashariki. Svea Flood na mume wake David walikaa Ndolera, upande wa Uvira. Mkuu wa kijiji aliwakatalia kuingia. Mtoto mmoja tu aliruhusiwa kuwauzia kuku na mayai. Mama Svea akamfundisha Yesu, naye akaamini. Mwaka 1923 Mama alifariki, siku chache baada ya kuzaa binti. Mtoto yule alikuja kuwa kiongozi wa kanisa.

Wengine watasema: alifundisha mtoto, si mwanaume. Lakini Prisila pamoja na Akila walimfundisha Apolo, mjuzi wa Maandiko (Matendo 18:26). Paulo aliandikia Efeso iliyosumbuliwa na mafundisho ya uongo (1 Timoteo 1:3). Korintho aliwapa wanawake utaratibu wa kuomba na kutabiri (1 Korintho 11:5).

Mama zetu wanaongoza maombi ya usiku, lakini baraza la wazee likikaa, wanabaki nje. Wazee, tupime jambo hili kwa Maandiko yote, siyo mstari mmoja. Amina.