Sanamu za Udongo za Uzigua

Wazigua wa Handeni, na majirani zao Washambaa wa upande wa Korogwe, walikuwa wakiwafunza wari kwa sanamu ndogo za udongo. Kila sanamu ilikuwa na wimbo wake wa fumbo. Mwari alionyeshwa, akaimbiwa, kisha akafumbuliwa wajibu wa nafsi atakayoivaa ukubwani. Hapakuwa na mshindi, wala haukuwa mchezo wa kujifurahisha. Hata hivyo una ujamaa na Dungeons & Dragons, mchezo uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, ambamo mtu huketi mezani akaendesha nafsi ya kuazima kwa maneno. Hao walizijaribu kanuni kwa kucheza na wenzao, wakazirekebisha, ndipo wakazichapa, hata wageni wa mbali wakacheza bila kuwaona watungaji.

Kanuni ya Uzigua ilikaa kinywani mwa kungwi. Hans Cory, aliyekuwa mtaalamu wa mila katika serikali ya Tanganyika, alizitia sanamu na nyimbo zake katika kitabu kilichotoka London mwaka 1956, na hisani hiyo si ndogo. Lakini swali la mwari, na kungwi anavyoligeuza fumbo papo hapo akiona halikueleweka, si vitu vya kukusanywa. Sanamu zilizofika makumbusho hutazamwa pasipo wimbo.