Umri, Mkopo na Koti Jeupe: Hoja kwa Wanaochelewa Kuingia Udaktari

Nchini Tanzania, mtu mwenye miaka 36 anaweza kudahiliwa kusoma udaktari, lakini hawezi kukopeshwa ada. Miongozo ya miaka ya karibuni ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu inamtaka mwombaji asizidi miaka 35, awe amemaliza kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka mitano, tena asiwe na kipato cha ajira rasmi. Sharti hili la tatu ndilo zito kuliko yote. Nesi wa Kibosho au mwalimu wa Biolojia mjini Moshi, hata akiwa na miaka 28 tu, amefungiwa mlango kwa kosa la kwenda kazini. Ninachodai ni kwamba masharti hayo hayapimi uwezo wa mtu kutibu, na yanatunyima daktari wa aina ambayo miteremko ya Kilimanjaro inamhitaji sana.

Tuanze na hesabu. Shahada ya udaktari huchukua miaka 5, na utarajali mwaka 1. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira kwa kawaida humpokea mwombaji asiyezidi miaka 45. Kwa hiyo anayeanza masomo akiwa na miaka 39 bado anawahi kuajiriwa, na kabla ya kustaafu kwa lazima akiwa na miaka 60 atakuwa ametumikia miaka 15. Akisomea ubingwa, ukomo wake unasogea hadi miaka 65. Serikali hiyohiyo, basi, inamkubali mtu huyu kama mtumishi na kumkataa kama mwanafunzi. Naelewa kwamba fedha za mikopo ni chache na kijana wa familia maskini lazima atangulie. Lakini kutanguliza kijana ni jambo moja, na kumfutia mtu mzima foleni yote ni jambo jingine.

Nchi hii iliwahi kufikiri kinyume kabisa. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilifuta desturi ya kutoka kidato cha sita moja kwa moja hadi chuo kikuu: mwombaji alipaswa kwanza kupita Jeshi la Kujenga Taifa, kufanya kazi, na kupata mapendekezo ya mwajiri na ya chama. Utaratibu huo ulikuwa na madhara yake, hasa kwa wanawake, ambao idadi yao ilishuka hadi wakaondolewa sharti hilo. Hata hivyo msingi wake ulikuwa mzuri: aliyekwisha kufanya kazi alihesabiwa kuwa na sifa ya ziada.

Katika afya, msingi huo ulidumu kwa njia ya daktari msaidizi, anayejulikana hospitalini kama AMO. Tabibu aliyefanya kazi miaka kadhaa alirudi darasani kwa miaka 2, akatoka akiwa na ruhusa ya kupasua. Utafiti wa Colin McCord na wenzake, uliochapishwa mwaka 2009 kutokana na hospitali za Mwanza na Kigoma, haukuona tofauti ya maana kati ya upasuaji wa uzazi uliofanywa na madaktari wasaidizi na ule wa madaktari wenye shahada. Moshi yenyewe ina ushahidi wake: tangu 1992 kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, kilichopo hospitali ya KCMC, kimekuwa kikiwachukua matabibu na wauguzi waliokwisha kuwa kazini, kutoka nchi nyingi za Afrika, na kuwarudisha kwao wakiwa wataalamu. Mafunzo ya AMO yalisitishwa katika muongo uliopita, kwa nia ya kuinua viwango. Ngazi ikaondolewa, na nyingine haikuwekwa mahali pake.

Kuna ujuzi ambao mtu huja nao. Kiongozi wa mlima aliyewapandisha wageni miaka kumi hasubiri mtu aseme anaumwa. Humwona aliyekuwa mzungumzaji akinyamaza ghafla, akikanyaga kama mlevi, kikohozi kikavu kikianza kulia maji kifuani, naye anajua kwamba tiba ya kwanza ni kumshusha usiku huohuo. Huwajua pia wapagazi, wanaojiita wagumu, wanaoficha maumivu ya kichwa wasije wakakosa safari ijayo. Aliyelelewa kihambani, akiona mikono yenye rangi ya mrututu, atauliza juu ya kunyunyizia kahawa kabla ya kuagiza vipimo. Hata ujuzi usio wa tiba una faida yake: Albert Schweitzer alianza kusomea udaktari mwaka 1905 akiwa na miaka 30, tayari mwanatheolojia na mpiga kinanda, na fedha za matamasha zikasaidia kuendesha hospitali yake ya Lambaréné.

Sisemi alama zishushwe. Fizikia, Kemia na Biolojia zibaki palepale, na zamu za usiku hazimhurumii mwenye miaka 40. Ninachopendekeza ni mkopo unaopimwa kwa miaka ya utumishi iliyobaki badala ya tarehe ya kuzaliwa, kwa mkataba wa pande tatu: Bodi, mwanafunzi, na hospitali inayomsubiri. Hospitali za Kibosho, Machame, Kilema na Marangu zinawafahamu wafanyakazi wao. Zinajua nesi yupi huitwa wa kwanza mzazi anapozidiwa. Hospitali imdhamini, imtunzie nafasi na kuendelea kumlipa mshahara, naye arudi kuitumikia walau miaka 8. Akiondoka kabla, deni lote limgeukie, pamoja na mishahara aliyolipwa akiwa masomoni.