Historia ya Matrekta Katika Nchi Yetu na Shauri la Kuchagua



Chama Kikuu chetu kinapotimiza miaka kumi, shauri kubwa lililo mbele ya mkutano mkuu ni la kununua matrekta madogo kwa ajili ya vyama vya msingi vya Kibaha na Kisarawe. Maoni ni mengi. Wako wapendao Massey Ferguson kwa kuwa ndilo walilolijua baba zao. Wako wapendao New Holland, Farmtrac au Kubota. Na wako watazamao bei peke yake. Fedha zitakazotumika ni zenu, zilizokatwa katika malipo ya mazao yenu. Kwa hiyo yafaa kwanza tutazame nyuma, tuone wenzetu waliotutangulia walichagua nini, na matokeo yake yalikuwaje.

Somo la kwanza lilitoka Kongwa. Katika mwaka wa 1947 Serikali ya Kiingereza ilianza mpango mkubwa wa kulima karanga huko, na baadaye Urambo na Nachingwea. Mengi ya matrekta yaliyoletwa yalikuwa mabaki ya vita, na hata vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa mitambo ya kulimia. Ardhi ya Kongwa ilikuwa ngumu kama saruji wakati wa kiangazi, ikala vyuma. Vipuri vikachelewa, na mafundi waliozoea mitambo ile walikuwa wachache. Mpango ukavunjwa mwaka wa 1951, na kiasi cha pauni milioni 36 kikapotea. Nguvu ya injini haikukosekana Kongwa. Kilichokosekana ni kuijua ardhi, na mtu wa kutengeneza kilichovunjika.

Miaka hiyo hiyo huko Uingereza lilikuwa likiundwa trekta dogo la rangi ya kijivu, Ferguson TE20, lenye nguvu za farasi zisizofika 30. Kati ya mwaka wa 1946 na 1956 yaliundwa zaidi ya 500,000. Harry Ferguson alilifunga jembe kwenye trekta lenyewe kwa mikono mitatu ya chuma iinuliwayo kwa mgandamizo wa mafuta, hata uzito wa jembe ukalisaidia trekta kushika ardhi. Tangu hapo ilidhihirika kwamba trekta dogo laweza kufanya kazi ya maana, na mpango huo wa mikono mitatu waonekana leo katika matrekta ya karibu kila kampuni.

Baada ya Uhuru, Serikali yetu ilianzisha makazi mapya ya wakulima, kila moja likikadiriwa kugharimu pauni 150,000, mitambo ikiwamo. Katika mwaka wa 1966 mpango huo ulisimamishwa, kwa kuwa mavuno hayakuweza kulipa gharama. Hata ndugu zetu wa ushirika wa pamba, katika nchi ya Wasukuma, waliendesha matrekta ya kulima mashamba ya pamoja katika miaka ile ya 1960, nao wakaona kwamba ada ya kulimiwa haikutosha kulipa mafuta, matengenezo na uchakavu. Ndiyo maana Mwalimu Nyerere alihimiza kwanza jembe la kukokotwa na ng'ombe. Lakini hapa pwani mbung'o waliwazuia ng'ombe mahali pengi, na wengi wetu tulibaki na jembe la mkono.

Kibaha yenyewe imeshuhudia matrekta yakiunganishwa mara mbili. Katika miaka ya 1980 yaliunganishwa hapa matrekta ya Valmet kutoka Finland. Ilikuwa miaka ya uhaba wa fedha za kigeni, na kazi ile haikudumu. Mara ya pili ilikuja baada ya mwito wa Kilimo Kwanza wa mwaka wa 2009. Kwanza, kwa mkopo wa India, SUMA JKT ilileta matrekta ya Farmtrac na New Holland. Kisha, kwa mkopo wa Poland, ukafanywa mkataba wa kuunganisha matrekta 2,400 ya Ursus katika eneo la TAMCO, mahali palipopata kuunganishwa malori ya Scania. Yaliyofika hayakufikia hata nusu ya hesabu hiyo, na miaka michache baadaye kampuni ya Ursus ikafilisika kwao. Basi hata kuundiwa trekta mlangoni hakumhakikishii mkulima kwamba atapata kipuri kesho.

Tena majina haya tunayoyabishania hayakai. Matrekta ya Ford yaliingia katika nyumba ya New Holland. Valmet sasa huitwa Valtra, na mwenye mali yake ndiye huyo huyo mwenye Massey Ferguson. Kampuni ya India iundayo Farmtrac iliunganishwa na Kubota ya Japani mwaka wa 2022, hata wabishani wawili katika halmashauri yetu hutetea nyumba moja bila kujua.

Kwa hiyo naona mkutano mkuu usianze kwa kuuliza jina. Uanze kwa ardhi yetu. Bonde la Ruvu lina udongo mzito wa mpunga unaonata. Kisarawe ina mchanga, miteremko, visiki, na mikorosho ambayo matawi yake huinama chini. Trekta lipitalo chini ya mikorosho ya Maneromango huenda likazama Ruvu. Kisha kila muuzaji aulizwe maneno haya:

Kwanza, vipuri vya kawaida, kama vile chujio, mikanda na sahani za klachi, vinauzwa wapi, na vinafika kwetu kwa siku ngapi?

Pili, ni fundi gani wa hapa Kibaha au Kisarawe aliyekwisha kuifungua injini ya namna hiyo?

Tatu, je, muuzaji atakubali trekta lijaribiwe shambani kwetu, mbele ya wanachama, kabla ya malipo?

Nne, kwa ada ambayo mkulima wa eka mbili aweza kulipa, ni eka ngapi zilimwe kwa mwaka ili trekta lijilipe?

Mvua za vuli na za masika hazimngojei mtu. Trekta likilala majuma matatu likingoja kipuri, msimu umekwisha, na deni halikulala. Muuzaji atakayeshindwa kujibu maneno hayo manne aachwe, hata bei yake ikiwa ndogo na rangi yake ikipendeza. Atakayeyajibu vema, na majibu yake yakathibitika shambani, huyo ndiye tumpe fedha za ushirika.